Anayebaki Nyuma Katika Mchakamchaka

Kila aliyesoma sekondari ya bweni katika nchi hii anaukumbuka mchakamchaka. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, ukungu ungali umelala juu ya migomba, kengele inalia, wanafunzi wanapanga mistari miwili na kuanza kukimbia huku wakiimba. Mbele yuko mwimbishaji. Nyuma kabisa yuko kiranja mwenye fimbo. Mimi nilikimbia hivyo katika mwinuko wa Kamachumu, wilayani Muleba, na kwa miaka mingi nilidhani kazi ya yule kiranja wa nyuma ni jambo dogo la nidhamu. Sasa, baada ya miaka ya kuwatibu watoto na vijana, nina mawazo mengine: katika shule zetu nyingi yeye ndiye mtu pekee anayepima utimamu wa mwili wa wanafunzi, naye anaupima vibaya.

Niseme kwanza kilichonifikisha hapo. Miaka michache iliyopita timu yetu ya huduma za mkoba ilikwenda kuchunguza afya za wanafunzi wa shule moja wilayani humo, ambayo sitaitaja. Tulilala shuleni, hivyo alfajiri niliamshwa na nyimbo nilizozifahamu. Nikatoka kutazama. Mistari ilipokwisha kupita, hatua kama mia moja nyuma yake alikuja msichana mmoja wa kidato cha pili, akitembea kidogo, akikimbia kidogo, mkono mmoja umeshika ubavu. Kiranja alimgusa miguuni kwa fimbo. Si kwa ukatili, bali kwa mazoea, kama mtu anayeswaga ng'ombe. Nilipomuuliza mwalimu wa zamu habari za binti yule, alinijibu kwa upole kabisa: "Huyo tumeshamzoea, Daktari. Ni mvivu. Kila siku ni wa mwisho."

Uchunguzi ulipoanza nilimtafuta. Viganja vyake vilikuwa vimepauka, na kope za chini, nilipozivuta, hazikuwa na wekundu wowote. Akiwa ameketi tu, moyo wake ulipiga mara 116 kwa dakika. Hemoglobini ilikuwa gramu 6.8 kwa desilita; kwa msichana wa umri wake tunatarajia isipungue 12, na chini ya 8 tunauita upungufu mkali wa damu. Hedhi yake ilidumu siku nane au tisa kila mwezi, jambo ambalo hakuwahi kumwambia matroni wala mama yake. Choo chake kilikuwa na mayai ya minyoo ya safura. Kila alfajiri, kabla ya uji, binti huyu alikuwa akikimbizwa kilomita tatu za mlima na bonde huku damu yake ikiweza kubeba takriban nusu tu ya oksijeni anayostahili.

Lililoniuma zaidi si hilo. Nilipomuuliza kama amekuwa hivyo tangu utotoni, alitikisa kichwa. Alipokuwa kidato cha kwanza alichezea timu ya netiboli ya shule. Ndani ya mwaka mmoja na kitu mwili wake ulikuwa umeporomoka kutoka uwanjani hadi mkiani, mbele ya macho ya mamia ya watu, na hakuna aliyeona, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameandika popote alikoanzia. Walichokiona ni nafasi yake katika mstari, na nafasi peke yake haisemi kitu. Mwanafunzi aliye wa mwisho mwaka huu na mwaka jana anaweza kuwa mzima kabisa, ila hana kipaji cha mbio. Aliyekuwa wa kumi mwaka jana na leo ni wa sitini, huyo mimi nitamhesabu mgonjwa mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Wala kisa chake si cha ajabu. Utafiti wa kitaifa wa afya na viashiria vya malaria wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu, wengi wao wa kiwango kidogo au cha kati. Muleba yenyewe inajulikana katika ulimwengu wa tiba kwa sababu ya malaria: ni hapa ulipofanyika utafiti wa vyandarua vilivyoongezewa kemikali ya PBO, uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2018 na kusaidia kubadili mapendekezo ya dunia. Kando ya Ziwa na visiwani, Bumbire na Ikuza, tunaongeza kichocho. Juu ya yote kuna selimundu, ambayo Kanda ya Ziwa inaibeba kwa uzito kuliko sehemu nyingi za nchi. Magonjwa haya yote huonekana kwanza miguuni kabla hayajampeleka mtu kitandani. Kijana anaanza kuchoka, anaacha mpira, anasinzia darasani, anabaki nyuma. Anaitwa mvivu.

Ninachopendekeza, basi, ni kwamba kila shule ya sekondari ipime utimamu wa mwili wa wanafunzi wake kwa nyakati maalumu, iandike, na imlinganishe kila mwanafunzi na namba yake mwenyewe ya awali. Malengo yawekwe kutokana na namba hiyo. Orodha ya nani wa kwanza na nani wa mwisho isibandikwe ubaoni.

Najua swali litakalofuata, kwa sababu nimeulizwa mara nyingi: mbona tuna UMISSETA? Sina ugomvi na UMISSETA. Niliishangilia ujanani katika uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba mpaka sauti ikakauka, na kama Mtanzania mwingine yeyote nilifurahi mno Septemba 2025 Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo. Lakini mashindano ni kazi ya kuteua. Yanatafuta kumi na mmoja kati ya mia sita, na yakishawapata hayana shughuli na waliosalia. Kipindi cha michezo kilichomo kwenye ratiba ni cha wote mia sita, na kwa wengi wao ndiyo nafasi ya mwisho ya maisha kufundishwa na mtu mwenye ujuzi namna ya kuutunza mwili. Ajabu ni kwamba kipindi hicho ndicho cha kwanza kumegwa mtihani wa kidato cha nne unapokaribia.

Wamarekani walilifanya kosa la kuchanganya kuteua na kupima kwa muda mrefu kuliko sisi. Tuzo yao ya Rais ya utimamu wa mwili, iliyoanzishwa mwaka 1966, ilimtaka mwanafunzi afikie, katika kila zoezi, kiwango kinachofikiwa na 15 tu kati ya kila watoto 100 wa umri wake. Maana yake ni kwamba hata taifa zima likiwa na afya njema, walio wengi wanarudi nyumbani wakijiona wameshindwa. Watu wazima wa huko bado wanasimulia aibu ya kuning'inia kwenye chuma mbele ya darasa. Jaribio hilo liliachwa katika mwaka wa masomo wa 2012/13, ingawa Julai 2025 Rais Donald Trump aliagiza lirejeshwe. Kila taifa na kumbukumbu zake. Taasisi ya Cooper ya Dallas ilikuwa tayari, tangu mwaka 1982, na mpango uliokuja kuuliza swali tofauti: je, mtoto huyu amefikia kiasi kinachotosha kulinda afya yake? Swali hilo ni zuri zaidi. Viwango vyenyewe, hata hivyo, vimetokana na watoto wa Marekani, na sishauri tuvihamishie Nshamba au Rubya kama vilivyo.

Maana watoto wetu wanaishi maisha mengine. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate kwa wastani dakika 60 kila siku za shughuli za kuchangamsha mwili, na siku tatu kwa wiki ziwe na shughuli nzito na za kuimarisha misuli na mifupa. Uchambuzi wa takwimu za nchi 146, uliochapishwa mwishoni mwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 hawafikii kiasi hicho. Wasichana ni 85, wavulana 78. Sasa mchukue mwanafunzi wa kutwa wa Muleba vijijini. Amekwisha kuteka maji, amepanda na kushuka kilima, amefika shuleni kwa miguu akiwa ametimiza dakika zake kabla ya gwaride la asubuhi. Mwenzake wa bweni, umbali wa mita mia moja, ameketi darasani tangu kabla ya mapambazuko hadi saa nne za usiku, na mazoezi yake yote ni ule mchakamchaka wa dakika ishirini. Mwaka 1995 Bengt Saltin na wenzake walichapisha vipimo vya wavulana wa Kenya: wale waliokwenda shule kwa kutembea na kukimbia walikuwa na uwezo wa kutumia oksijeni wa mililita 62 kwa kila kilo ya mwili kwa dakika, na wale wasio na pilikapilika hizo 47. Ni watu wa nchi moja, lakini miili yao ilikuwa imelelewa mbalimbali. Kuwapa wanafunzi wa aina hizi mbili lengo moja ni kutowajua.

Lengo baya nimeliona limeandikwa ukutani katika ofisi moja ya michezo: wanafunzi wote wakimbie kilomita tatu kwa dakika 15 ifikapo Juni. Theluthi ya wavulana walikuwa wanaliweza tangu Januari. Wengine hawataliweza kamwe, na kwa binti niliyemsimulia lilikuwa hatari. Lengo ninalolipenda huandikwa na mwanafunzi mwenyewe, kwa mkono wake: Februari nilivuka mara 18, nitafanya mazoezi ya kukimbia na kutembea siku tatu kila wiki, Mei nitajaribu mara 21. Angalia kwamba katikati kuna jambo lililomo mikononi mwake kabisa, nalo ni siku za mazoezi. Hilo ndilo la kumsimamia na, kama ni lazima kutoa alama, ndilo la kumpa alama. Idadi ya mivuko ni shahidi tu.

Na shahidi asilazimishwe. Wiki kumi au kumi na mbili za mazoezi mazuri huongeza uwezo wa kijana wa kutumia oksijeni kwa asilimia chache, kwa kawaida chini ya kumi. Mwalimu atakayedai kila mtu aongeze nusu ya idadi yake atavuna udanganyifu, na wanafunzi wetu, tuwe wakweli, hawahitaji kufundishwa udanganyifu wa namba. Isitoshe, umri wa balehe una mambo yake. Mvulana wa miaka 14 akirefuka na kuongeza misuli atapanda daftarini hata asipofanya zoezi lolote. Msichana anaweza kubaki palepale kwa juhudi zote, kwa sababu mwili wake unabadilika kwa namna nyingine. Kwa hiyo namba isiyopanda sitaifanya kosa la mtu. Inayoshuka ndiyo ninayoitafuta. Pendekezo langu ni hili: mwanafunzi ambaye idadi yake imeshuka kwa robo au zaidi bila sababu inayojulikana apelekwe zahanati, si kwa mwalimu wa nidhamu.

Nimetaja mivuko, nieleze. Mwaka 1982 Luc Léger wa Montreal na mwenzake walichapisha jaribio la kukimbia kwenda na kurudi kati ya mistari miwili iliyo mita 20 mbali. Sauti iliyorekodiwa inakupa mwendo: katika namna inayotumika kwa wanafunzi unaanza kilomita 8.5 kwa saa, mwendo unaongezeka nusu kilomita kila dakika, na unaacha unaposhindwa kuufikia mstari kwa wakati mara mbili mfululizo. Idadi ya mivuko ndiyo namba yako. Kipimo hiki kimekwisha kutumika hata kwa watoto wa Tanzania. Mwaka 2006 ulichapishwa ulinganisho wao na watoto wa Norway kwa njia hii hii. Ninakipenda kwa sababu ya ardhi yetu. Kupata uwanja wa mita 400 ulio tambarare wilayani Muleba ni bahati, lakini kila shule ina mita 20 za usawa, hata kama ni pale mbele ya jengo la utawala. Vinavyohitajika ni kamba yenye urefu uliopimwa, chokaa, simu ya mwalimu na kipaza sauti cha gwarideni. Nguvu za miguu zipimwe kwa kuruka mbele kwa miguu yote miwili bila kukimbia, na futi kamba ya fundi cherehani inatosha.

Mwalimu mmoja wa Bukoba alinijibu: "Daktari, nina wanafunzi 74 katika mkondo mmoja. Nitawapima lini?" Ni swali la haki. Tulilifanyia hesabu pamoja tukiwa tumeketi kwenye ngazi za darasa. Wakigawanywa wawili wawili, mmoja anakimbia na mwenzake anahesabu na kuandika. Kundi la wanafunzi 18 au 19 humaliza kwa dakika nane au tisa, maana wengi huacha kabla ya hapo. Makundi manne ni dakika 36. Vipindi viwili mfululizo vya dakika 40 vinatosha, pamoja na kupasha mwili na kunywa maji, na kazi hiyo ni mara nne tu kwa mwaka. Alikubali hesabu, kisha akaniuliza nani atamlipia daftari. Nilinunua kaunta buku mbili njiani kuelekea stendi.

Yapo mambo ya kuzingatia ambayo yakisahauliwa namba zote huwa bure. Mara ya kwanza iwe ya kujifunza tu, isiandikwe, kwa sababu mtu asiyejua mchezo huacha mapema. Saa iwe ile ile, na anayekimbia pekupeku Februari akimbie pekupeku Mei. Vipimo vya muhula wa kwanza vifanyike Februari, na tena Mei mvua za masika zikipungua. Vya muhula wa pili viwe Agosti na Oktoba. Kuhusu Novemba nawaonya kwa kicheko lakini kwa dhati: senene wakianguka, nusu ya wanafunzi wa kutwa hukesha kwenye taa na mabati, na utakachokipima asubuhi yake ni usingizi.

Wasichana wapimwe peke yao, wakisimamiwa na mwalimu wa kike, wakiwa na mavazi ya michezo yanayositiri. Aliye katika siku zake na anajisikia vibaya aahirishe bila kuulizwa sababu mbele za watu. Uzito, kama unapimwa, upimwe chumbani. Kabla ya yote, kila mwanafunzi aulizwe maswali machache na majibu yahifadhiwe kwa siri: umewahi kuzimia ukikimbia? Kifua kinabana au kuuma? Una pumu, selimundu, au uliwahi kuambiwa moyo wako una sauti isiyo ya kawaida? Kuna ndugu wa karibu aliyekufa ghafla kabla ya miaka 50? Jibu la ndiyo linampeleka kwa mganga kwanza. Mwenye selimundu asitengwe na michezo, maana mazoezi mepesi yanamfaa, lakini asikimbizwe hadi pumzi ya mwisho, na maji asinyimwe hata dakika moja. Aliyetoka kuugua malaria asubiri mpaka nguvu zirudi. Nimewahi kupokea mtoto mwenye ugonjwa wa vali za moyo, uliotokana na homa ya baridi yabisi, ambaye familia nzima ilijua tu kwamba "hapendi mbio". Bibi yake aliniambia, "Waitu, Daktari, sisi tulimwona mtoto wa kukaa jikoni." Tungempata miaka mitatu mapema kama mtu angeuliza kwa nini hazipendi.

Mchakamchaka wenyewe sitaki ufutwe. Nyimbo zile zilinipa ujasiri ambao nautumia mpaka leo zamu za usiku. Ninachotaka ni yule wa nyuma apewe kalamu badala ya fimbo: aandike jina la aliyebaki, na jina likijirudia kwa wiki nzima lifike kwa matroni au mwalimu wa afya. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002, kwa taarifa ya wasiozijua, humpa mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi mamlaka ya kuchapa. Kiranja hayumo.

Binti yule alitibiwa kwa vidonge vya madini ya chuma na dawa ya minyoo, na hedhi yake ikashughulikiwa hospitalini. Hatukumkimbiza mpaka wiki ya saba, hemoglobini ilipofika 10.1, alivuka mara 14. Mwezi wa nne, hemoglobini ikiwa 11.7, alivuka mara 31. Hakuwa wa kwanza, wala wa ishirini. Mwalimu wa zamu ndiye aliyeshika daftari siku ile, na tulipomaliza alinivuta kando, akaniuliza kwa sauti ya chini juu ya wengine watatu aliokuwa amewazoea.

Shule ya Muleba, Bukoba au kwingineko mkoani Kagera itakayopenda kupata mfano wa ukurasa wa daftari, maswali ya uchunguzi na sauti ya kuongozea mbio, na iandike kwa idara yetu kupitia jarida hili. Vyote vinaingia katika simu ya kawaida ya mwalimu. Kipimo cha hemoglobini kwa wale ambao namba zao zimeshuka tutakifanya wenyewe katika ziara za huduma za mkoba, mradi majina yatufikie kabla ya ziara, na yasisomwe gwarideni.